Anayesafiri na Kiingereza Pekee, Nani Anamlipia?

Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo baada ya tangazo la mwaka 2016, na hasa tangu treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ilipoanza kufika hapa Julai 2024, jiji letu limekuwa likipokea aina ya mgeni ambaye zamani aliishia Arusha, Zanzibar au Dar es Salaam. Ni mtaalamu aliyekuja kwa kikao cha siku mbili katika Mji wa Serikali wa Mtumba, mtafiti anayekwenda Kondoa, kijana anayejitolea katika hospitali ya kijijini, au mtalii anayepita kuelekea Ruaha. Wengi wao wana lugha moja tu, Kiingereza, na wengi wao wanafika salama, wanalala, wanakula, wanamaliza shughuli iliyowaleta na kurudi makwao wakiamini kwamba Kiingereza kinatosha duniani kote. Imani hiyo inastahili kuchunguzwa. Kwa maoni yangu, Kiingereza pekee kinamtosha msafiri pale tu ambapo watu wengine wamekwisha kuilipa gharama ya kuelewana kwa niaba yake, na sisi tunaoilipa, ambao pia tunawaaminisha watoto wetu kwamba mwenye Kiingereza hawezi kukwama popote, tuna sababu ya kuitazama gharama hiyo kwa makini.

Nguvu ya Kiingereza ni ya kweli na haifai kubezwa. Inakadiriwa kwamba watu takriban bilioni 1.5 wanakizungumza kwa kiwango fulani, na kati yao wasiofika milioni 400 ndio waliozaliwa nacho. Katika dunia yenye watu zaidi ya bilioni nane, hesabu hiyo ina maana kwamba mtu mmoja kati ya watano hivi anaweza kuelewana na msafiri wetu, na kwamba karibu watatu kati ya kila wanne wanaoweza kuelewana naye walikitafuta Kiingereza kwa jasho lao, darasani, kazini au barabarani. Mipango mingi ya safari imejengwa juu ya jasho hilo. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limetaka, tangu Machi 2008, marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa wanaotumia Kiingereza redioni wathibitishe ustadi usiopungua ngazi ya nne kati ya sita. Kanuni za shirika hilohilo zinataka pasipoti iliyoandikwa kwa lugha isiyokuwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania iongezewe mojawapo ya hizo tatu. Msafiri anayepita uwanja wa ndege wa Istanbul au Guangzhou bila kubabaika anatembea ndani ya makubaliano ya miaka mingi, ambayo watu wa lugha nyingine waliyakubali na kuyagharamia.

Tena, si kila kinachomvusha msafiri huyo ni Kiingereza, ingawa mwenyewe hukipa sifa zote. Metro ya jiji la Mexico ilipofunguliwa mwaka 1969, kila kituo kilipewa picha yake, ili hata asiyejua kusoma ajue anashuka wapi. Reli ya chini ya ardhi ya Tokyo iliweka herufi na namba kwenye vituo vyake mwaka 2004, na mgeni asiyejua hata neno moja la Kijapani anaweza kuzihesabu namba hizo hadi kufika kituo chake. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisimamia tangu mwaka 1953 mfumo wa majina ya dawa yasiyo ya kibiashara, ambayo hufanana nchi hadi nchi kwa tofauti ndogo za tahajia, na mgonjwa anayelijua jina hilo la dawa yake anaweza kulionesha katika duka la dawa la nchi nyingi na akaeleweka. Cha kuzingatia ni kwamba Mmarekani aliyezoea kusema acetaminophen, au anayejua jina la kampuni peke yake, anaweza kuhangaika katika duka la dawa la Majengo hapa Dodoma, wakati dawa anayoitafuta ipo mbele yake kwa jina la paracetamol. Kiingereza anacho, tena cha kuzaliwa, lakini kilichohitajika ni makubaliano ya kimataifa ambayo nchi yake haikuyafuata.

Kiingereza hupungukiwa nguvu mara msafiri anapotoka katika njia iliyotengenezwa kwa ajili ya wageni, na hali hii haitegemei umaskini wa nchi kama wengi wanavyodhani. Uchunguzi mkubwa wa lugha uliofanywa na Umoja wa Ulaya mwaka 2012 ulionesha kwamba watu tisa kati ya kumi nchini Uholanzi walisema wanaweza kuzungumza Kiingereza, huku nchini Hispania, nchi inayopokea watalii wengi kuliko karibu zote duniani, waliosema hivyo wakiwa asilimia 22 tu. Kwa Umoja mzima, wakati huo ukiwa na Uingereza ndani yake, waliotaja Kiingereza kuwa lugha yao ya kigeni walikuwa asilimia 38. Idadi imepanda tangu hapo, lakini picha haijabadilika sana: katika bara lenyewe ambalo Kiingereza kilizaliwa, msafiri anayekitegemea peke yake bado hukutana kila siku na watu wengi wasiokijua.

Hata tofauti hizo za nchi na nchi hazinishughulishi sana, kwa sababu ndani ya nchi moja kuna mpaka mwingine ulio mgumu zaidi, nao ni mpaka wa kazi na elimu. Mtanzania anayekwenda India kwa matibabu hupokewa na daktari anayezungumza Kiingereza kwa ufasaha, kwa kuwa sheria ya mwaka 1963 iliendelea kukipa lugha hiyo nafasi katika shughuli za serikali na elimu ya juu imejengwa juu yake. Ndugu yake aliyemsindikiza, anapotoka nje ya hospitali huko Chennai kutafuta chakula, anakutana na dereva wa bajaji anayezungumza Kitamil. Mwenye Kiingereza yuko mezani, na mwenye msaada wa haraka yuko barabarani. Ndivyo ilivyo duniani karibu kote: meneja wa hoteli anakijua, mlinzi wa usiku hakijui, profesa anakijua, mama anayeuza chai nje ya geti la chuo hakijui, na msafiri, hasa anapopatwa na shida, humhitaji mlinzi na mama wa chai kuliko anavyowahitaji meneja na profesa.

Dodoma inauonesha mpaka huo waziwazi. Katika shule zetu za serikali mtoto husoma msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo, kisha sekondari masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba Kiingereza kwetu ni alama ya miaka ambayo mtu alikaa darasani, na hata waliokaa miaka mingi, wengi wao wanakisoma na kukiandika vizuri kuliko wanavyokisema. Mgeni anayeshuka kwenye treni na kwenda moja kwa moja wizarani hawezi kuuona mpaka huu. Ataanza kuuona akitaka kupanda daladala, kwa kuwa jina la njia limeandikwa mbele ya gari lakini vituo vya katikati vimo kinywani mwa konda. Atauona vizuri zaidi sokoni Sabasaba, na kama ni mtu wa kupenda nyama choma akaamua kwenda mnadani Msalato siku ya Jumamosi, hapo atakuwa ameuvuka kabisa.

Huko kwenye bei si shida kubwa. Muuzaji ataandika namba kwenye simu, mnunuzi ataandika yake, watapunguziana na kufungiana mzigo. Biashara imekuwa ikivuka lugha tangu zamani, na sioni haja ya kulia juu ya mgeni aliyezidishiwa shilingi elfu moja kwenye nyanya. Nina wasiwasi zaidi na mambo ambayo hayana namba na hayawezi kuoneshwa kwa kidole.

Chakula ni mojawapo. Mkoa wa Dodoma unalima karanga, na mboga za majani za hapa, pamoja na mlenda unaoliwa kwa ugali wa uwele au wa mtama, mara nyingi huungwa kwa karanga zilizosagwa kiasi kwamba huzioni kwa macho. Kwetu huo ndio utamu wenyewe. Kwa mtu ambaye mwili wake haukubaliani na karanga, na watu wa namna hiyo ni wengi katika nchi ambako wageni wetu wanatoka, kijiko kimoja kinaweza kumfungia koo ndani ya dakika chache. Mama lishe hana nia mbaya. Angeulizwa angejibu, na pengine angempikia mgeni sufuria yake mbali. Lakini mgeni anauliza kwa Kiingereza, mama anatabasamu na kuitikia kwa kichwa kwa sababu heshima yake ya kumpokea mgeni inamzuia kumwacha bila jibu, na mgeni anaichukulia ile ishara kuwa ni uthibitisho. Karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiswahili kabla ya safari, «Nikila karanga naweza kufa, tafadhali niambie kama zimo», ingemlinda mtu huyo kuliko miaka yake yote ya ufasaha. Nimeshangaa mara nyingi kuona watu wanaojiandaa kwa chanjo, bima na vidonge vya malaria wakisafiri bila karatasi hiyo.

Saa ni jambo jingine. Sisi tunazihesabu kuanzia macheo, na mgeni anazihesabu kuanzia usiku wa manane. Wakala wa basi anayejitahidi kumsaidia kwa Kiingereza, akiitaja namba kama anavyoihesabu yeye mwenyewe, anaweza kumfanya mgeni afike stendi kuu ya Nzuguni saa sita mchana kulitafuta basi lililoondoka saa kumi na mbili alfajiri. Tiketi zilizochapishwa kwa tarakimu zimepunguza tatizo hili, lakini miadi ya mdomo haijapata dawa. Mgeni mwenye busara huomba aandikiwe saa, kisha huuliza kama ni kabla ya jua kuchomoza au baada.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati kwa sababu simu sasa inatafsiri. Simu imesaidia sana, na asiyekubali hilo hajawahi kumwona mtu akiielekeza kamera yake kwenye bango la lugha asiyoijua na kulisoma. Ninachokataa ni kuifanya simu kuwa jibu la mwisho. Huduma ya kutafsiri ya Google, ambayo wasafiri wengi wameizoea, iliondolewa China bara mwaka 2022, na msafiri anayefika huko bila kuwa na njia nyingine hugundua hilo akiwa tayari barabarani. Hapa kwetu, simu inayofanya kazi vizuri katikati ya jiji hukosa mtandao katika baadhi ya vijiji vya Chemba na Kondoa. Hata mtandao ukiwepo, simu hutafsiri kile kilichosemwa, wakati sehemu kubwa ya mapokezi ya mkoa huu iko katika salamu zinazotangulia neno lolote la maana. Mgeni anayemkaribia mzee wa Kigogo na kumnyooshea simu yenye swali, bila hata kumwamkia, amekwisha kumkosea kabla simu haijatoa sauti. Yule anayeanza na «shikamoo», au anayefika kijijini na kusema «mbukwenyi» kwa lafudhi yoyote aliyonayo, hupata msaada ambao swali lake peke yake lisingeupata.

Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, inanisaidia kueleza ninachokusudia. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 2,300, na mapango na vivuli vya miamba vyenye michoro vinazidi 150. Mgeni wa Kiingereza pekee anaweza kufika Kolo, akapata kiongozi wa wageni, akaona twiga na watu waliochorwa kwa rangi nyekundu, akapiga picha na kuridhika. Hata hivyo baadhi ya maeneo hayo bado yanatumiwa na wenyeji kwa matambiko ya mvua na ya uponyaji, na maelezo ya jambo hilo hayapo kwenye kibao wala kwenye kitabu cha wageni. Yamo kwa wazee wanaozungumza Kirangi na Kiswahili, na humfikia mgeni kwa kipimo kile tu ambacho kiongozi wake ataamua kukitafsiri. Kiongozi huyo ndiye anayebeba kazi yote: amejifunza lugha ya mgeni, anailinda heshima ya wazee, anapunguza maswali yasiyofaa, anarefusha majibu mafupi. Kazi hiyo ina thamani, na malipo yake yanapaswa kuhesabiwa kuwa ya ukalimani, mbali na ujira wa kuonesha njia.

Uingereza yenyewe ni mfano wa namna gharama inavyohamishwa. Katika uchunguzi uleule wa 2012, asilimia 61 ya Waingereza walisema hawawezi kufanya mazungumzo kwa lugha yoyote zaidi ya lugha yao ya mama. Mwaka 2004 somo la lugha ya kigeni liliacha kuwa la lazima England kwa wanafunzi waliofika umri wa miaka 14. Nchi inaweza kufanya uamuzi huo na biashara zake na utalii wake ukaendelea, kwa sababu mhudumu wa hoteli wa Lisbon, dereva wa teksi wa Nairobi na kiongozi wa watalii wa Arusha wanaendelea kujifunza kwa fedha na muda wao. Sisemi kwamba msafiri mmojammoja wa Kiingereza ana hatia kwa hilo. Alizaliwa katika lugha yake kama sisi tulivyozaliwa katika zetu. Ninasema kwamba anapokutana na mtu anayegugumia kwa Kiingereza cha kuokoteza, anapaswa kutambua kuwa yuko mbele ya mtu aliyetembea sehemu kubwa zaidi ya njia ya kukutana, na subira ndiyo deni lake la kwanza.

Deni la pili ni kupunguza mwendo. Wanaohusika na mawasiliano ya ndege walilitambua jambo hili mapema: redioni hawaachiwi wazungumze wanavyopenda, wanapewa misemo michache iliyowekwa, na wazawa wa Kiingereza nao wanatakiwa kuifuata na kuacha mafumbo ya kwao. Mkandarasi kutoka Uturuki na mhandisi Mtanzania wanapokutana kwenye reli, Kiingereza wanachokitumia si cha kuzaliwa kwa yeyote kati yao, na mara nyingi wanaelewana vizuri kwa kuwa kila mmoja anachagua maneno ya kawaida na kumpa mwenzake nafasi. Akiingia mzawa wa Kiingereza kati yao, anayezungumza haraka, anayemeza silabi na kutumia nahau za mtaani kwao, yeye ndiye anayekuwa mgumu kueleweka. Msafiri wa Kiingereza pekee ana nafasi ya kujifunza lugha ya pili bila kutoka katika ya kwanza, yaani Kiingereza cha sentensi fupi kisicho na mafumbo.

Sasa nigeukie upande wetu, ambao ndio unaoniuma zaidi. Mkazi wa Kondoa anaweza kuzungumza Kirangi nyumbani, Kiswahili mjini, akaelewa Kigogo cha sokoni na kuwa na Kiingereza cha shule. Msandawe wa Chemba, ambaye lugha yake ina vidoko, yaani sauti za kugonga ulimi, ambazo majirani zake hawawezi kuzitamka, amezoea tangu utotoni kwamba akivuka mto atakutana na watu wasiomwelewa, na kwamba yeye ndiye atakayebadilika. Mazoea hayo ya kuwa mtu asiyejua, ya kusikiliza kwanza, kukisia, kuuliza kwa upole na kujaribu tena, ndiyo mtaji mkuu wa msafiri. Tunao bila kuulipia, kisha tunawaambia vijana wetu kwamba mwenye lugha nne asiye na Kiingereza kizuri hajui lugha, na kwamba mwenye Kiingereza peke yake yuko tayari kwa dunia. Wazazi wa Dodoma wanaokataza Kigogo na hata Kiswahili nyumbani ili mtoto azoee Kiingereza wanamwandaa mtoto huyo awe yule mgeni niliyemweleza, bila pasipoti ya nchi tajiri ambayo ingewafanya wengine wamhangaikie.

Barabara inayopita hapa kuelekea Manyoni, Singida na Nzega inatoa ushahidi. Madereva wa malori wanaokwenda Rwanda, Burundi na Kongo wanavuka mipaka wakiwa na Kiswahili, na Kiswahili hicho kinawafikisha mbali. Bujumbura kinasikika sokoni. Kalemie na Lubumbashi kina sura yake tofauti na yetu, lakini dereva huizoea baada ya siku chache. Katika miji hiyo miwili ya Kongo, ambako lugha rasmi ni Kifaransa, mwenye Kiingereza peke yake ndiye anayetafutiwa mkalimani. Ni kweli kwamba nyaraka nyingi za forodha upande wa pili zimeandikwa kwa Kifaransa, na dereva au wakala wake asipojua cha kutia saini anaweza kukaa mpakani muda mrefu. Kwa hiyo Kiswahili pekee nacho kina ukuta wake, na nisingependa msomaji aone kwamba ninabadilisha tu jina la lugha inayotosha. Ninachosema ni kwamba kila njia ina lugha zake, na anayejiandaa kwa safari huanza kwa kuuliza njia yake inazungumza nini.

Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou wamelijua hili. Maonesho ya bidhaa ya jiji hilo, yaliyoanza mwaka 1957 na kufanyika mara mbili kwa mwaka, yana wakalimani na mabango ya Kiingereza, lakini mitaa ya bei nafuu ambako mzigo wa Kariakoo na wa Dodoma hununuliwa haina. Mfanyabiashara mzoefu hubeba kadi ya hoteli yenye anwani kwa herufi za Kichina, hujifunza namba za vidole, kwa kuwa Wachina huonesha moja hadi kumi kwa mkono mmoja, na kwa mkataba wa maana humtafuta Mtanzania aliyesomea Kichina. Baadhi ya vijana hao wanatoka hapahapa, kwani Chuo Kikuu cha Dodoma kimekuwa na Taasisi ya Confucius tangu mwaka 2013. Ningependa kuona somo la aina hiyo likipewa uzito sawa na ule tunaoupa Kiingereza, na Kifaransa kikisomwa kwa bidii na mawakala wa mizigo wa ukanda huu, kuliko kuendelea kubishana kila mwaka kama mtoto aanze Kiingereza darasa la kwanza au la tatu.

Limebaki jambo la mgeni anapokuwa matatani, ambapo subira na tabasamu havitoshi. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa wa mwaka 1966 unampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu mwananchi ana haki ya kuelewa anachohukumiwa. Mgeni wa Kiingereza pekee akifikishwa mahakamani, basi, sheria imemkumbuka. Hospitalini hali ni tofauti, maana anayetafsiri ni yeyote aliyepo: dereva aliyemleta, mhudumu wa hoteli, mwanafunzi aliyekuja kumwona ndugu yake. Watu hao wanatafsiri kwa wema, lakini wanasikia siri za mgonjwa, wanaona haya kutaja sehemu za mwili, na wakikosea kipimo cha dawa hakuna anayejua.

Tatizo hilohilo analo msafiri mwingine, ambaye tunamwona kila siku tusimhesabu kuwa ni msafiri. Ni bibi aliyetoka kijijini Mpwapwa au Chamwino akiwa na Kigogo peke yake, amepanda gari mbili hadi kufika hospitali kubwa ya mjini, na anaulizwa kwa Kiswahili cha haraka maumivu yalianza lini. Mgeni wa Kiingereza akikwama pale mapokezi, nesi huacha kazi na kwenda kumtafuta anayejua lugha yake. Bibi akikwama, huambiwa apishe foleni mpaka aje ndugu yake. Hospitali zetu zina wafanyakazi wanaojua Kigogo, Kirangi, Kisandawe, Kinyaturu, Kifaransa, Kiingereza na lugha ya alama. Wanachokosa ni orodha moja iliyobandikwa mapokezi yenye majina yao, lugha zao na namba za ndani za simu, pamoja na posho ndogo kwa anayeitwa kutafsiri. Orodha hiyo haihitaji bajeti ya wizara wala mfadhili, na mganga mfawidhi anaweza kuagiza iandikwe wiki hii, ikianza na Kigogo.